Askofu Robert Lowth (1710–1787) na Makosa ya Sarufi ya Kiingereza: Maisha, Kitabu na Lawama

1.0 Utangulizi

Katika historia ya sarufi ya Kiingereza ni majina machache yaliyolaumiwa kama la Robert Lowth, Askofu wa London aliyefariki mwaka 1787. Mwalimu aliyemkemea mwanafunzi kwa kumalizia sentensi kwa kihusishi alidhaniwa kuwa anafuata amri ya askofu huyo. Nao wanaisimu wengi wa karne ya 20, walipotafuta mfano wa mtu aliyeivisha lugha yake kanzu isiyoikaa, walimtaja yeye. Kwa hiyo Lowth amechukiwa na pande mbili: wale walioumizwa na kanuni shuleni, na wale waliosomea isimu na kujifunza kuwa kazi ya mwanaisimu ni kueleza lugha ilivyo, si kuielekeza iweje.

Hata hivyo, kanuni anazohesabiwa Lowth ni za aina tatu. Zipo ambazo hakuziandika kamwe. Zipo alizoziandika kwa upole, nao waliomfuata wakazigeuza kuwa sheria. Na zipo alizoziandika kwa ukali, lakini yeye mwenyewe hakuzifuata alipowaandikia watu wa karibu naye. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa lengo la kuonyesha jinsi maelezo ya msomi mmoja kuhusu mtindo yalivyogeuka kuwa mizani ya kuwapimia watu, na kwamba kero wanayoipata wengi wanaposikia kosa la sarufi ina mizizi yake zaidi katika jamii kuliko katika lugha yenyewe.

2.0 Malezi na Elimu

Robert Lowth alizaliwa Winchester, kusini mwa Uingereza, tarehe 27 Novemba 1710. Baba yake, William Lowth, alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza na mfafanuzi wa vitabu vya manabii. Nyumba hiyo haikuwa ya kimwinyi, wala haikuwa ya kimaskini. Ilikuwa nyumba ya watu wa kati ambao mtaji wao ulikuwa elimu, na ambao njia yao ya kupanda ilikuwa kanisa. Jambo hili ni la msingi katika kumwelewa Lowth, kwa kuwa mtu wa tabaka la kati huishi akiwatazama walio juu yake ili ajue wanavyovaa, wanavyokula na wanavyosema.

Lowth alisoma katika shule kongwe ya Winchester, kisha akaenda New College katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka 1737. Msingi wa elimu yake, kama ilivyokuwa kwa wasomi wote wa enzi ile, ulikuwa Kilatini na Kigiriki. Yeye akaongeza Kiebrania. Kiingereza hakikuwa somo. Mtoto alifundishwa sarufi kwa kupitia Kilatini, na ilidhaniwa kwamba lugha ya mama hujipatia kanuni zake yenyewe, au pengine haina kanuni kabisa.

Mwaka 1741 Lowth alichaguliwa kuwa Profesa wa Ushairi katika Oxford, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka kumi. Mihadhara yake ilihusu ushairi wa Kiebrania, na ilichapishwa kwa Kilatini mwaka 1753. Humo alieleza jambo ambalo lilikuwa halijaelezwa vizuri na wasomi wa Ulaya, yaani kwamba uti wa mgongo wa ushairi wa Biblia si vina wala mizani, bali ni usambamba: wazo la kipande cha kwanza hurudiwa, hupingwa au huendelezwa katika kipande cha pili. Aliyabainisha makundi matatu ya usambamba, na mgawanyo huo ungali unatumiwa katika masomo ya Biblia na katika fasihi linganishi.

Ni vyema kutua hapa kidogo. Mtu anayedaiwa kuwa alikipima Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini ndiye huyu huyu aliyekataa kuupima ushairi wa Kiebrania kwa kipimo cha Kigiriki na Kilatini. Alitaka kila lugha isomwe kwa mujibu wa tabia yake. Kama tuhuma dhidi yake ni za kweli, basi aliisahau kanuni yake mwenyewe katika muda wa miaka tisa tu. Kitabu chake cha sarufi kinaonyesha kwamba hakuisahau.

3.0 Ndoa, Ayalandi na Ngazi za Kanisa

Mwaka 1752 Lowth alimwoa Mary Jackson. Mwana wao wa kwanza, Thomas Henry, alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1753. Tangu mwaka 1750 Lowth alikuwa arkidikoni wa Winchester, na mwaka 1755 alikwenda Ayalandi akiwa kasisi wa Marquess wa Hartington, aliyeteuliwa kuwa mwakilishi wa mfalme huko. Safari hiyo ilimtenga na mkewe kwa miezi kadhaa, na kutokana nayo zilipatikana barua nyingi alizomwandikia, ambazo zitajadiliwa hapa chini.

Huko Ayalandi alipewa uaskofu wa Limerick, lakini hakutaka kuhama Uingereza. Badala yake alipata, kwa njia ya kubadilishana, nafasi katika kanisa kuu la Durham pamoja na parokia ya Sedgefield. Katika karne ya 18 vyeo vya kanisa vilitolewa kwa upendeleo wa wakubwa. Hivyo kasisi aliyetaka kupanda hakuwa na budi kuandika barua nyingi kwa mabwana. Kila barua ilikuwa mtihani. Neno lililokaa vibaya lingeweza kumwonyesha mwandishi kuwa si mtu wa daraja lile analoliomba. Lowth alifaulu mitihani hiyo, na yamkini ndipo alipojifunza kulisikiliza kila neno kabla ya kulipeleka.

4.0 Kitabu cha Mwaka 1762

4.1 Mazingira

Wafaransa walikuwa na chuo chao cha lugha tangu mwaka 1635. Waitaliano nao walikuwa wamekwisha kutoa kamusi ya chuo chao cha Crusca mwaka 1612. Waingereza hawakuwa na chombo cha namna hiyo. Mwaka 1712 Jonathan Swift alitoa pendekezo kwamba lugha irekebishwe na kuimarishwa, lakini halikutekelezwa. Kazi hiyo ikabaki mikononi mwa watu binafsi na wachapishaji. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa. Ndani yake mlikuwa na sarufi fupi, ambayo sehemu yake ya sintaksia ilikuwa mistari michache tu. Kwa hiyo palikuwa na pengo, na Robert Dodsley, mmoja wa wachapishaji wa kamusi hiyo, alikuwa mfanyabiashara mwenye jicho la kuona mapengo.

Lowth alikuwa amekwisha kuanza kutayarisha maelezo ya sarufi kwa ajili ya mwanawe Thomas Henry. Aliamini kwamba mtoto akianza na sarufi ya lugha anayoisema, atavielewa vyema zaidi Kilatini na lugha nyingine baadaye. Fikra hii, ambayo wataalamu wa elimu wa Afrika wangeipigania karne mbili baadaye kwa lugha zao, ilikuwa ngeni wakati ule. Mnamo Februari 1762 kitabu kilitoka kwa jina la A Short Introduction to English Grammar. Jina la mtungaji halikutajwa. Utangulizi uliwaomba wasomaji walete masahihisho, na toleo la pili lilifuata mwaka 1763 likiwa limerekebishwa na kuongezwa.

4.2 Tanbihi na Waliokosolewa

Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maelezo ya kawaida ya sarufi: nomino, vitenzi, viwakilishi na upatanisho wa kisarufi. Kilichokipa sifa yake ni tanbihi zilizowekwa chini ya kurasa. Humo Lowth alikusanya makosa. Na jambo la kushangaza ni kwamba hakuyakusanya kutoka kwa wakulima, watumishi au watu wa mikoani. Aliyachukua kutoka kwa Shakespeare, Milton, Dryden, Swift, Addison, Pope, na hata kutoka katika tafsiri ya Biblia iliyosomwa katika kanisa lake.

Alionyesha, kwa mfano, kwamba waandishi hao walitumia umbo la wakati uliopita mahali pa kitenzi tendwa, wakasema 'have wrote' mahali pa 'have written'. Alionyesha kuwa walichanganya 'who' na 'whom', na 'lie' na 'lay'. Aliwakosoa kwa 'you was', umbo ambalo lilienea sana katika maongezi ya karne ya 18. Hoja yake haikuwa kwamba watu wa chini wanaiharibu lugha, bali kwamba hata walio bora hawaijui sarufi yake kwa kuwa hawakufundishwa. Kosa la mnyonge halikumshughulisha. Kosa la mkubwa ndilo lililothibitisha kwamba somo la Kiingereza linahitajika.

Wala hakukosoa kila kilichopita kiasi. Katika tafsiri ya zamani ya Zaburi mna umbo lenye sifa ya juu iliyorudufiwa, 'most highest', likimhusu Mungu. Kwa kanuni, hilo ni kosa. Lowth aliliachia, akieleza kuwa limepata ufaafu wa pekee kutokana na anayetajwa nalo. Hapo mshairi alimshinda mwanasarufi.

4.3 Kihusishi, Ukanushi na Kitenzi-jina

Kanuni tatu ndizo zinazotajwa sana Lowth anapolaumiwa. Ya kwanza ni marufuku ya kumalizia sentensi kwa kihusishi. Marufuku hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko Lowth. John Dryden aliikosoa tabia hiyo kwa Ben Jonson mwaka 1672, na baadaye akarudi katika maandishi yake mwenyewe ili kuviondoa vihusishi vya mwisho. Lowth alipofika hapo hakupiga marufuku. Alieleza kwamba matumizi hayo ni ya kawaida katika mazungumzo na yanaafiki mtindo wa kirafiki. Katika mtindo wa juu, kihusishi kikitangulia sentensi huwa na madaha na uwazi zaidi. Huku ni kutofautisha rejesta, si kutoa hukumu. Isitoshe, katika sentensi hiyo hiyo aliyosema kwamba Kiingereza kina mwelekeo huo, alimalizia yeye mwenyewe kwa kihusishi. Kama alifanya makusudi kwa mzaha, mzaha huo uliwapita wengi.

Ya pili ni kwamba vikanushi viwili hubatilishana na kuwa uyakinishi. Kanuni hii haimo katika toleo la mwaka 1762. Iliingizwa katika toleo la mwaka 1763. James Greenwood alikuwa ameitaja tangu mwaka 1711. Isitoshe, ukanushi rudufu, uliokuwa wa kawaida kwa Shakespeare, ulikuwa umekwisha kupungua sana katika maandishi ya wasomi kabla Lowth hajashika kalamu. Kwa hiyo hakuufukuza. Aliandika habari za mgeni aliyekwisha kuondoka.

Ya tatu ni marufuku ya kuweka kielezi kati ya 'to' na kitenzi-jina. Hii haimo kabisa katika kitabu chake. Ni kanuni iliyopata nguvu katika karne ya 19, na miongoni mwa walioitetea ni Henry Alford, Mkuu wa Kanisa la Canterbury, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1864. Lowth alikuwa kaburini kwa miaka 77.

5.0 Barua za Faragha

Katika miongo ya karibuni, mtaalamu wa isimu-historia wa Uholanzi, Ingrid Tieken-Boon van Ostade, amezichunguza barua za Lowth na kulinganisha lugha yake na ile iliyomo katika sarufi yake. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa katika kitabu mwaka 2011. Yanaonyesha kwamba katika barua zake kwa mkewe na kwa rafiki wa karibu, Lowth alitumia baadhi ya maumbo aliyoyakosoa, yakiwemo 'you was' na 'wrote' mahali pa 'written'. Alipowaandikia wakubwa, lugha yake ilinyooka.

Msomaji mwepesi atasema kwamba huu ni unafiki. Kwa jicho la isimujamii, jambo hili lina maelezo bora zaidi. Lowth alikuwa na mitindo miwili na aliijua mipaka yake. Akiwa Dublin, akimwandikia mkewe aliyemwacha nyumbani na mtoto mchanga, hakuwa mbele ya mtu wa kumpima. Lugha yake ilikuwa ile aliyoikulia. Kanuni alizoziandika katika kitabu hazikuwa picha ya lugha yake ya nyumbani, bali zilikuwa picha ya lugha aliyoisikia kwa watu wa daraja alilokuwa akilipanda. Kwa maneno mengine, kitabu chake kilikuwa ramani iliyochorwa na msafiri, si na mwenyeji.

6.0 Uaskofu na Misiba

Mwaka 1766 Lowth aliteuliwa kuwa Askofu wa St David's, na kabla mwaka haujaisha akahamishiwa dayosisi ya Oxford. Mwaka 1777 alipewa dayosisi ya London, ambayo wakati ule ilisimamia pia makanisa ya Kianglikana katika makoloni. Mwaka 1778 alichapisha tafsiri mpya ya kitabu cha Isaya, akiitumia nadharia yake ya usambamba kwa kuyapanga maneno ya nabii katika mistari ya kishairi. Mwaka 1783 alipewa kiti cha Askofu Mkuu wa Canterbury, cheo cha juu kabisa katika kanisa lake. Alikikataa kwa sababu ya umri na afya.

Vyeo hivyo vilifuatana na vifo. Binti yake Mary alifariki mwaka 1768 akiwa bado mtoto, akazikwa Cuddesdon. Baba aliandika maneno ya kaburi lake kwa Kilatini. Thomas Henry, ambaye sarufi ilianzishwa kwa ajili yake, alifariki mwaka 1778, akiwa kijana wa miaka 24. Binti mwingine, Frances, alifariki ghafla mwaka 1783. Kati ya watoto saba, ni wawili tu waliobaki hai baada ya baba yao. Lowth alifariki katika makazi ya maaskofu wa London huko Fulham tarehe 3 Novemba 1787, akiwa na umri wa miaka 76.

Matumizi yake ya lugha katika maisha hayo yanastahili kuangaliwa kwa pamoja. Kwa mkewe aliandika Kiingereza cha nyumbani. Kwa mabwana, Kiingereza cha adabu. Katika kaburi la mwanawe, Kilatini. Hakuna hata moja kati ya lugha hizo iliyokuwa makosa, maana kila moja ilikuwa mahali pake.

7.0 Kitabu Baada ya Mwenyewe

Mwaka 1784, Lowth akiwa bado hai Fulham, kijana mmoja mtoto wa mkulima alijiunga na jeshi na kupelekwa Chatham. Jina lake ni William Cobbett. Mshahara wake ulikuwa senti sita za Kiingereza kwa siku. Kamanda wake alimshauri ajifunze sarufi ikiwa anataka kupanda. Cobbett akanunua kitabu cha Lowth, akakinakili chote kwa mkono zaidi ya mara moja, akakihifadhi, na alipokuwa zamu ya ulinzi akawa anakikariri kimoyomoyo tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuwa na fedha za mshumaa wala meza ya kuandikia. Baadaye akawa mmoja wa waandishi wa siasa waliosomwa na kuogopwa sana nchini Uingereza.

Cobbett hakuipenda sarufi kwa ajili ya madaha. Mwaka 1793 Bunge la Uingereza lilikataa ombi la wakazi wa Nottingham waliotaka marekebisho ya uchaguzi, kwa hoja kwamba lugha ya ombi hilo haikuwa na heshima iliyostahili. Mtu asiyejua kuandika kama wakubwa hakusikilizwa na wakubwa. Kwa hiyo mwaka 1818 Cobbett alitoa sarufi yake mwenyewe, akiwalenga askari, mabaharia na vijana wa kazi za mikono, na humo akayafichua makosa ya sarufi katika hotuba za mfalme na maandishi ya mawaziri. Upanga uliotumika kuwazuia wanyonge mlangoni aliugeuza ukawaelekea waliokuwa ndani.

Njia nyingine ya kitabu cha Lowth ilipitia kwa Lindley Murray, mwanasheria wa New York aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1745 na kuhamia Uingereza mwaka 1784. Murray, mfuasi wa madhehebu ya Quaker, aliishi karibu na mji wa York akiwa na maradhi yaliyomdhoofisha miguu. Mwaka 1795 alitunga sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana ya madhehebu yake, akichota sana kutoka kwa Lowth. Kitabu chake kiliuzwa kwa wingi usio na kifani katika Uingereza na Marekani, na kwa miongo kadhaa ndicho kilichokuwa sarufi ya shule.

Murray aliihitaji sarufi inayoweza kukaririwa. Maelezo ya Lowth aliyagawa katika kanuni zenye namba na mazoezi ya kusahihisha. Sentensi ya Lowth iliyomalizikia kwa kihusishi aliisahihisha, kihusishi akakirudisha nyuma. Katika tendo hilo dogo historia nzima imo: mzaha uliondolewa, rejesta ikasahauliwa, kilichobaki kikawa sheria. Mwanafunzi aliyeipokea hakujua tena kwamba ilianza kama maoni kuhusu madaha ya mtindo wa juu. Alijua tu kwamba akiivunja atakosa alama.

8.0 Kwa Nini Kosa Huudhi

Sasa yafaa kuuliza ni kwa nini maumbo haya madogo yaliwakera watu kiasi hicho, na yangali yanawakera. Jibu la kwanza ambalo hutolewa ni kwamba kosa huficha maana. Ukweli ni kwamba mara nyingi haifichi. Chukua mfano wa 'you was'. Baada ya kiwakilishi 'thou' kutoweka katika matumizi ya kawaida, Kiingereza kilibaki na 'you' kwa mtu mmoja na kwa wengi. Waliosema 'you was' kwa mmoja na 'you were' kwa wengi walikuwa wameurudisha utofauti wa umoja na wingi uliopotea. Noah Webster, mwanakamusi wa Marekani, alilitetea umbo hilo mwaka 1789. Kama uwazi wa maana ndio ungekuwa hakimu, 'you was' lingeshinda. Lilishindwa kwa sababu lilionekana kuwa umbo la watu wasiofaa kuigwa.

Jibu la pili linatokana na jamii. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na wafanyabiashara waliotajirika haraka. Nguo za bwana ziliweza kununuliwa, nyumba yake iliweza kununuliwa, lakini usemi wake haukuuzwa dukani. Hivyo sarufi ikawa kizingiti cha mwisho. Kosa liliudhi kwa sababu lilimfichua mtu aliyekuwa karibu kupita bila kutambuliwa. Na kanuni ilipendwa kwa sababu ilimwahidi mtu huyo huyo kwamba akiishika hatafichuliwa.

Jibu la tatu ni la nafsi. Anayekerwa zaidi na kosa kwa kawaida si yule aliyezaliwa na lugha ya wakubwa mdomoni, bali ni yule aliyeipata kwa jasho. Cobbett aliyekariri kitabu kizima akiwa mlinzi hakuweza kumsamehe waziri aliyekosea. Aliyelipa nauli humchungulia asiyelipa. Kero hiyo ni ya haki kwa kiasi fulani, kwa maana gharama ilikuwa ya kweli. Inakosa haki inapoelekezwa kwa aliye chini, ambaye hajapata hata nafasi ya kulipa.

Hata hivyo, haitakuwa sawa kuhitimisha kwamba kanuni zote hazina maana. Lugha ya maandishi inayosomwa na watu wa mbali huhitaji makubaliano, na Lowth alikuwa na haki ya kudai kwamba Kiingereza kifundishwe kwa utaratibu. Tatizo linaanza pale ambapo makubaliano ya maandishi yanapogeuzwa kuwa ushahidi wa akili na tabia ya msemaji.

9.0 Hitimisho

Suala hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Sarufi mapokeo ya Kiingereza iliyofundishwa katika shule za kikoloni za Afrika Mashariki ni ya ukoo wa Lowth na Murray. Miongoni mwa waliotangulia kuiandika sarufi ya Kiswahili kwa Kiingereza alikuwemo mmisionari wa kanisa lile lile la Lowth, Edward Steere, aliyetoa kitabu chake mwaka 1870 na baadaye akawa askofu Zanzibar. Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, maumbo ya Mombasa na Lamu yenye fasihi ya karne nyingi yalijikuta nje ya mlango. Anayesema 'mato' badala ya 'macho' hakukosea. Anasema lahaja ambayo haikuchaguliwa. Lakini mtoto wa shule aliyewekewa alama nyekundu kwa neno la bibi yake hakuelezwa hivyo.

Maisha ya Robert Lowth yanamwachia mwanasarufi somo zito. Aliandika kwa ajili ya mtoto mmoja, naye mtoto huyo hakufika miaka 25. Kitabu kiliwafikia watoto wengine wasiohesabika, kikiwa kimepita katika mikono iliyoondoa tahadhari zake zote. Mtungaji hana mamlaka juu ya kitabu chake baada ya kufa, lakini mwalimu anayo mamlaka juu ya namna anavyokifundisha. Kabla ya kulisahihisha neno, mwalimu anapaswa kuuliza kama lililo mbele yake ni kosa la sarufi, ni tofauti ya rejesta, au ni alama tu ya mahali mtoto alipozaliwa. Lowth, alipokuwa akimwandikia mkewe kutoka Dublin, aliijua tofauti hiyo; waliolichukua jina lake hawakuijua.